Bango Halimkamati Mbabe wa Vita

Mwezi Machi mwaka 2012, mwandishi wa makala haya akiwa bado mwanafunzi wa shule ya ualimu, sisi vijana wanne wa mtaa wa Mutakura tulichanga fedha, tukashuka mjini Bujumbura hadi kwenye duka la intaneti ili tuitazame filamu iliyokuwa ikizungumzwa na dunia nzima. Filamu hiyo iliitwa KONY 2012. Urefu wake ulikuwa nusu saa tu, lakini mitambo ya siku zile ilikuwa mizito. Picha ilikwenda hatua tatu ikasimama, ikaenda tena ikasimama, na saa moja tuliyoilipia ikatuishia kabla hatujafika hata kati. Isitoshe, maneno yalikuwa ya Kiingereza, nasi tumesomeshwa kwa Kifaransa. Tulirudi Mutakura kwa miguu, tukibishana juu ya jambo ambalo tulikuwa tumelielewa robo.

Jioni ile nilimsimulia habari hiyo mama mmoja jirani yetu, muuza ndagala, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua mzigo wa kesho yake. Nilimweleza kwamba kwa muda wa siku sita filamu ile ilikuwa imetazamwa zaidi ya mara milioni 100, na kwamba sasa kila kijana wa Marekani na Ulaya alilijua jina la yule mwasi. Alinisikiliza mpaka mwisho pasipo kuinua macho, kisha akaniuliza: “Na wale watoto alio nao huko msituni, mwanangu, wao wameiona?”

Sikuwa na jibu. Mama huyu alikuwa na haki ya kuuliza, kwani mtoto wake wa pili aliondoka nyumbani mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 15, akafuatana na wapiganaji wa FNL katika vilima vinavyouzunguka mji wetu. Habari zake nitazieleza baadaye. Kwanza yatupasa kulitazama swali la mama, kwa faida ya ndugu zetu askari wa jeshi na polisi, ambao ndio hutumwa kuwafuatia wababe wa vita, na kwa faida ya jamaa zao wanaobaki nyumbani wakingoja.

Joseph Kony ni Mwacholi wa kaskazini mwa Uganda. Uasi wake ulianza baada ya Yoweri Museveni kutwaa madaraka mwaka 1986. Kundi lake, Lord's Resistance Army, yaani Jeshi la Upinzani la Bwana, lilipoteza mapema imani ya watu wale wale lililodai kuwapigania, na kwa kukosa wafuasi wa hiari likaanza kujaza safu zake kwa kuteka watoto. Waliotekwa walikuwa makumi ya maelfu. Zilikuwapo nyakati ambapo watoto wa vijijini walitembea kila jioni hadi mji wa Gulu ili walale barazani, wakaondoka alfajiri kurudi makwao. Vita vilipozidi, karibu watu milioni 2 walikuwa wakiishi kambini. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati za kumkamata Kony na wasaidizi wake wanne. Mwaka uliofuata, kundi lake lilikuwa limekwisha kuivuka mipaka ya Uganda na kujichimbia katika msitu wa Garamba, kaskazini mashariki mwa Kongo.

Basi filamu ilipotoka tarehe 5 Machi 2012, mtu mwenyewe alikuwa ametoka Uganda miaka sita iliyopita, na jeshi lake lilikuwa limebaki na wapiganaji mia kadhaa tu, waliotawanyika kati ya Kongo, Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Waliotengeneza filamu, shirika la Kimarekani liitwalo Invisible Children, walifikiri hivi: mtu huyu akijulikana kama wanavyojulikana wachezaji na waimbaji, viongozi wa Marekani wataona haya kuwaondoa askari wao wanaomsaka. Waliwataka vijana wa miji yote duniani watoke usiku wa tarehe 20 Aprili wabandike mabango yenye jina lake kila ukutani. Usiku ule ulipofika, waliotoka walikuwa wachache mno. Mioyo ilikuwa imekwisha kupoa kwa majuma sita tu.

Lililotokea Lira lastahili kukumbukwa zaidi. Tarehe 13 Machi filamu ile ilionyeshwa hadharani katika mji huo wa kaskazini mwa Uganda, mbele ya watu ambao wengi wao walikuwa wamepoteza watoto, masikio au midomo kwa mikono ya watu wa Kony. Walikuja wakidhani wataona habari zao. Walichokiona ni Mzungu akimweleza mwanawe mdogo habari za mtu mbaya, na fulana na bangili zikiuzwa zenye jina la adui yao. Walikasirika, mawe yakarushwa, na maonyesho yakasimamishwa. Ni nani miongoni mwetu angeweza kuvumilia kuliona jina la aliyemwua mtoto wake limeandikwa kifuani mwa mpita njia?

Siku moja tu baada ya vurugu ile ya Lira, tarehe 14 Machi, Mahakama ya The Hague ilitoa hukumu yake ya kwanza tangu iundwe. Ilimtia hatiani Thomas Lubanga wa Ituri, Kongo, kwa kosa la kuwatumia watoto wa chini ya miaka 15 vitani. Huyu alikuwa mbabe wa vita aliyekamatwa kweli, akasikilizwa kweli, akahukumiwa. Miongoni mwetu vijana wanne hakuna aliyesikia habari hiyo wiki ile. Sote tulikuwa tukisubiri kupata fedha za kumalizia filamu.

Hata hivyo tusiwaonee wale vijana wa Kimarekani. Kabla ya filamu walikuwa wamefanya kazi ya miaka mingi ya kuwasumbua wabunge wao, na mwezi Mei mwaka 2010 Rais Obama alitia saini sheria ya kusaidia kuondoa kundi la Kony. Oktoba 2011 alitangaza kutuma askari washauri wapatao 100. Mambo hayo mawili yalitangulia filamu. Filamu yenyewe yamkini ilisaidia kuwafanya wakae muda mrefu zaidi kuliko ilivyokusudiwa.

Na wale askari je? Hapa ndugu wasomaji wenye sare wataelewa upesi kuliko mimi mtu wa ofisini. Tarehe 14 Desemba 2008, jeshi la Uganda, likishirikiana na Kongo na Sudan Kusini na likisaidiwa na Marekani kwa mipango na habari, lilishambulia kwa ndege kambi za Kony katika Garamba. Kambi ziliteketea. Kony hakuwamo. Watu wake waligawanyika vikundi vidogo vidogo, na siku ya Noeli wakaviingilia vijiji vya Doruma, Faradje na vinginevyo, ambako hakuna aliyekuwa amewekwa kuwalinda raia. Katika majuma machache waliuawa watu zaidi ya 800. Desemba ya mwaka uliofuata, katika sehemu ya Makombo, waliua tena zaidi ya 300. Ndege ilikuwa imepiga mzinga wa nyuki na kuondoka, na aliyekuwa jirani na mzinga ndiye aliyeumwa.

Baadaye kazi ilifanywa kwa uangalifu zaidi. Umoja wa Afrika uliunda kikosi cha nchi nne mwaka 2012, Waganda wakiwa ndio wengi. Mauaji yalipungua sana. Lakini mwezi Aprili mwaka 2017 Wamarekani na Waganda walifunga kazi na kurudi makwao, baada ya Marekani kutumia mamia ya mamilioni ya dola, na Kony alikuwa bado hajakamatwa. Tangu mwaka 2013 pana zawadi ya dola milioni 5 kwa atakayetoa habari za kumfikia, na haijachukuliwa.

Sasa turudi kwenye swali la mama. Watoto wa msituni hawakuiona filamu, lakini redio waliisikia. Mjini Gulu kipo kituo kiitwacho Mega FM, kilichoanza mwaka 2002, ambacho kilikuwa na kipindi kwa lugha ya Kiacholi chenye jina la Dwog Cen Paco, maana yake Rudi Nyumbani. Waliozungumza humo walikuwa wale waliotoroka. Mtu alijitaja jina, akataja kundi alilokuwamo na kamanda wake, akasema: mimi ni mzima, sikuuawa, nimeonana na mama yangu, na wewe fulani niliyekuacha ng'ambo ya mto, njoo. Makamanda walipotambua nguvu ya kipindi hicho waliwakataza askari wa chini kusikiliza redio. Nadhani hakuna cheti kikubwa kuliko hicho ambacho mtangazaji aweza kupewa. Baadaye sauti hizo hizo zilirushwa kutoka kwa vipaza sauti vya helikopta juu ya misitu, pamoja na karatasi zenye picha za waliorudi, na mwisho wa yote Wamarekani wenyewe, pamoja na shirika lile lile la filamu, waliona kuwa kazi hii ndiyo iliyokuwa ikizaa matunda.

Haikuwa kazi rahisi. Huko Kongo na Afrika ya Kati wanakijiji walikuwa wameumizwa kiasi kwamba mpiganaji aliyejitokeza mikono juu aliweza kuuawa kwa mapanga kabla hajatamka neno. Ilibidi vichaguliwe vijiji maalumu, wenyeji wazungumzwe nao kwa muda mrefu, ndipo wakakubali kumpokea adui wa jana na kumkabidhi kwa askari. Kazi hii haipigwi picha. Nayo sheria ya msamaha ya Uganda ya mwaka 2000 ilimpa kila aliyerudi karatasi ya kuonyesha njiani. Waliotoka kwa Kony wakaipata karatasi hiyo walizidi 13,000.

Dominic Ongwen naye alitoka, Januari 2015. Alitekwa akiwa mtoto njiani kwenda shule, akakua humo mpaka akawa kamanda, na mwaka 2021 alihukumiwa The Hague kifungo cha miaka 25. Mahakama ilisema wazi kwamba aliteseka utotoni, na ikasema wazi pia kwamba aliyoyatenda ukubwani ni yake. Nimeyasoma mara nyingi maneno ya hukumu ile na bado sijui ningeamua nini kama ningekuwa hakimu.

Kwetu Burundi tumejifunza haya kwa njia nyingine. Makubaliano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, yaliyoanzishwa na Mwalimu Nyerere na kumalizwa na Mzee Mandela, hayakutiwa saini na wale waliokuwa na bunduki mkononi. FNL ndio waliokuwa wa mwisho kutoka msituni. Walitia saini Dar es Salaam mwezi Septemba mwaka 2006, wakasitasita, na Aprili 2008 makombora yalikuwa bado yakiangukia Bujumbura. Walioumaliza mvutano ule walikuwa majirani. Wapatanishi wa Afrika Kusini hawakuchoka, Tanzania iliacha kuwa mahali pa kukaa na kungoja, na kiongozi wao Agathon Rwasa alirudi nyumbani tarehe 30 Mei 2008, huku askari wa Afrika Kusini wakiwa wamewekwa kuwalinda viongozi wa kundi lile wasidhuriwe. Aprili 2009 silaha ziliwekwa chini. Wapiganaji wapatao 3,500 waliingizwa katika jeshi na polisi, wengine walipewa fedha za kuanzia maisha, na watoto 340 walitolewa kambini wakarudishwa kwa wazazi. Askari wa kigeni walikuwapo, lakini walikuja kusimama mlangoni ili wa ndani watoke.

Mlango ule ulikuwa na gharama. Tarehe 13 Agosti 2004, katika kambi ya wakimbizi ya Gatumba, kilomita chache tu kutoka hapa, zaidi ya Wanyamulenge 150 waliuawa usiku mmoja, na FNL walikiri kuwa ni wao. Jamaa za marehemu walimwona Rwasa akirudi na kupokewa, na mwaka 2015 akawa Makamu wa Kwanza wa Spika. Anayesifu amani iliyopatikana mwaka 2009, nami nikiwa mmoja wao, inampasa aweze kuyasema hayo mbele ya mjane wa Gatumba. Mimi nimejaribu mara moja, sikumaliza sentensi.

Mtoto wa mama muuza ndagala alitoka Aprili ile. Alikuwa na umri wa miaka 20. Alinieleza baadaye kwamba huko vilimani walikuwa na redio moja ndogo waliyoizungushia usiku, na kwamba mchezo aliokuwa akiungoja ni Umubanyi niwe Muryango, yaani Jirani ndiye Ndugu, uliotungwa na Bibi Marie-Louise Sibazuri na kuanza kusikika mwaka 1997 kutoka Studio Ijambo. Mchezo ule haukuwa na amri ya mtu kusalimu. Ulikuwa na majirani wa makabila mawili wakigombana juu ya mambo ya kila siku na kupatana. Alisema kilichomchosha si njaa, bali ni kusikia watu wakigombana juu ya kuku naye yuko mbali.

Lakini kuchoka si kutoka. Alichokiogopa alipokuwa akishuka ni askari wa kwanza atakayekutana naye. Askari huyo, ambaye hata leo hamjui jina, alimpa maji ya kunywa kabla ya kumwuliza chochote. Kijana anasimulia jambo hilo kila mara kwa maneno yale yale.

Nyumbani nako palikuwa na kazi. Kwa miezi mitatu alilala chini karibu na mlango, viatu miguuni. Mama aliwakataza wadogo zake wasimwulize ameua wangapi, na akawaomba wanawake wa avenyu yetu wawakanye watoto wao wasimwite jina la msituni. Alimpa kazi ya kubeba makapu ya ndagala kutoka ufukweni alfajiri, kazi ambayo haihitaji maneno mengi. Nawataja wazazi hasa kwa sababu hakuna ofisi iliyomfundisha mama huyu mambo hayo, na jamaa nyingine mbili ninazozijua zilishindwa hapo hapo, vijana wao wakarudia bunduki.

Nisipoitaja mwaka 2015 wasomaji wa Mutakura wataniuliza. Mwaka ule picha zilizopigwa kwa simu katika mitaa ya Cibitoke, Musaga, Nyakabiga na huu wetu zilizunguka dunia ndani ya saa chache, na Desemba yalipotokea mapigano na mauaji, sehemu kubwa ya ulimwengu iliona. Tarehe 17 Desemba Umoja wa Afrika uliamua kutuma askari 5,000. Serikali ya Burundi ilikataa, na Januari 2016 wakuu wa nchi wakauweka mpango ule kando. Sina nia ya kulifungua upya daftari hilo katika ukurasa huu. Nasema tu kwamba kujulikana kwetu kulikuwa kukubwa, na usiku ule kila aliyefunga mlango alifunga peke yake.

Wapo watakaonipinga kwa mfano wa mwaka 2013, wakati brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ilipowasaidia Wakongo kuwashinda M23 huko Kivu. Ni kweli, walishindwa vitani, tena upesi. Lakini wapiganaji walivuka mipaka wakakaa kambini Uganda na Rwanda, habari ya kurudi kwao ikavutwa miaka na miaka, na mwezi Novemba mwaka 2021 wakarejea na silaha, wakisaidiwa na Rwanda kwa taarifa za wataalamu wa Umoja wa Mataifa, jambo ambalo Rwanda imelikana. Januari 2025 waliichukua Goma, Februari Bukavu, na maelfu ya watu wakavuka mto Rusizi kwa miguu na mitumbwi, wakalazwa katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Mama yetu alipeleka huko gunia la ndagala, akakataa kurudishiwa hata nauli.

Septemba 2025 Mahakama ya The Hague ilisikiliza mashtaka dhidi ya Kony bila yeye kuwapo, jambo ambalo mahakama hiyo haikuwahi kulifanya kabla. Nilimwonyesha mama picha za kikao kwenye simu yangu, na safari hii hazikusimama hata mara moja. Mwanawe alikuwa amekaa karibu, akishona wavu. Akaomba simu, akatazama safu za mawakili, majoho yao na vipokea sauti masikioni, akauliza kama maneno yale yalikuwa yakitangazwa kwa Kiacholi pia, na kwa redio, saa za usiku. Nikamwambia nitaulizia.